Twahiru na Uchafu Unaolinda Samaki

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mpishi hajawasha mkaa, Twahiru anapiga magoti mbele ya tangi kubwa la kioo, anainua kifuniko na kuingiza pua. Ananusa mara mbili. Kisha anakaa kitako sakafuni.

"Nani ameua maji yangu?"

Tangi linanuka javeli, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe. Leo ni Jumanne. Jumamosi Bi Mukarugwiza anafungua mgahawa wake hapa Kicukiro, na wageni wote wameshaahidiwa samaki hai ukutani.

Kwa wiki tano Twahiru, fundi cherehani wa Nyamirambo ambaye pia huandaa matangi ya samaki, amekuwa akilisha tangi lisilo na samaki hata mmoja. Kila baada ya siku mbili anatia ndagaa waliosagwa, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, waoze humo. Watu walimcheka weee, wakachoka.

"Samaki anakula humo, anakunya humo," anaeleza. "Ule uchafu unageuka sumu. Kuna vijidudu vinavyoila, lakini havizaliwi kwa siku moja. Kwanza maji yananuka, halafu harufu inakata, kokoto zinashika utelezi. Hapo yameiva."

Yalikuwa yameiva juzi tu.

Mukamana, mama wa usafi, anaingia na ndoo, uso umejaa fahari. "Ni mimi, mzee! Kokoto ilikuwa na utelezi, sponji ya pampu iko na matope. Wageni wanakuja, nikaosha yote na javeli, mara tatu. Ona inavyong'aa!"

Twahiru anataka kufoka. Atamfokeaje mtu aliyefanya kazi yake vizuri namna ile?

Yeye mwenyewe aliwahi kuamini maji meupe. Mwaka 1978 alileta samaki arobaini kutoka Bujumbura, akawamimina siku hiyo hiyo kwenye tangi jipya dukani kwake. Siku ya nne wote walikuwa wanaelea matumbo juu. Mauzo ya miezi miwili yalikwenda nao. "Nililia, wallahi. Mtu mzima na ndevu zangu, nalilia samaki." Aliyemuuzia ndiye aliyemfundisha kungoja, baada ya kumcheka vya kutosha.

Bi Mukarugwiza anapopata habari, hana subira. "Twahiru, weka samaki. Wakifa Jumapili si neno, Jumamosi watakuwa wameshaonekana."

"Wakifa Jumapili, Jumatatu mji mzima utasema Twahiru ni muuaji. Siweki, mama."

"Basi nitamwita mwingine."

"Mwite. Naye atakuja kuniuliza mimi."

Maneno makubwa hayo, na anayajua. Amebakiwa na njia moja, nayo inamuuma. Dukani, kando ya cherehani, lile tangi la mwaka 1978 bado lipo, na ndani yake kipande cha godoro kuukuu, cheusi kwa miaka sita ya uchafu mwema. Samaki wake kumi na wanane wanaishi kwa kipande hicho, maana vijidudu vimejaa humo. Wale kumi na wawili wa mgahawa wamehifadhiwa kwenye beseni hapo hapo, wakibadilishiwa maji kila siku.

Siku mbili nzima, huku Twahiru akimweleza habari za vijidudu, Mukamana anamwaga na kusuuza tangi la mgahawa, analijaza upya, anaacha pampu ya hewa itoe dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba. Alhamisi Twahiru ananusa. Hakuna kitu. Anarudi dukani, anashika mkasi wa kukatia suti, anasema bismillahi, anakata godoro katikati.

"Nilipima mara tatu kabla ya kukata," anakiri. "Kitambaa ukikiharibu unanunua kingine, uchafu huu hauuzwi popote."

Nusu ile inasafiri hadi Kicukiro ndani ya sufuria, imezama kwenye maji yake yenyewe, maana ikikauka vijidudu vimekufa, na hapo hapo inaingia tangini.

Jumamosi asubuhi anaweka samaki wawili. Wawili tu! Bi Mukarugwiza ananuna. Wale kumi watafuata, wawili kila wiki, vijidudu vikizidi kuongezeka.

Mchana mgahawa umejaa. Bwana mmoja mwenye tai anaonyesha kile kipande cheusi kwa kidole. "Nani ameacha takataka humu?" Nzeyimana, mhudumu, anakunja mkono wa shati ili akitoe.

"Usiguse!" Ni Mukamana, amesimama mbele ya kioo na ndoo yake. "Huo uchafu iko na kazi! Ukiutoa, samaki anakufa!"

Wageni wanageuka kutazama. Kisha bwana mwenye tai anauliza kazi gani, naye Mukamana anaeleza yote, kuanzia ndagaa hadi utelezi. Bi Mukarugwiza anasikiliza, na kununa kunamwisha.

Sasa zahanati moja karibu na Nyabugogo imeomba tangi, na Twahiru ameshapanga kazi: yeye atashona nguo na kukata godoro, Mukamana atalisha maji na kunusa.

"Mimi nilipoteza samaki arobaini ndipo nikajua," anasema. "Mama huyu hajapoteza hata mmoja. Akisema maji bado, hata mimi siweki."