Kabati la Mvinyo Lililojaa Marashi

Mume wangu alikuwa seremala, na banda lake la kazi lilikuwa nyuma ya nyumba yetu ya Wawi, karibu na jiko. Muda wote tulioishi pamoja miye ndiye niliyemshikia ncha ya pili ya ubao. Akikata, nashika. Akitaka kupiga mstari, navuta uzi. Hakuna aliyeniita fundi, wala miye sikujiita, lakini macho yalikuwa yakiona na mikono ilikuwa ikijifunza. Alipofariki kwa homa, katika miaka ya thelathini, vita vikuu vya pili havijaanza, kazi ile nilikuwa naijua kuliko kusuka mkeka.

Riziki yangu mwenyewe ilikuwa marashi. Nikichanganya udi, nikitoa maji ya mawaridi na asumini, nikipika mafuta ya mkilua, na nikiitwa kupamba maharusi Wawi, Madungu na hata mbali zaidi. Bwana harusi akisifu harufu ya mkewe, alikuwa ananisifu miye, japo hakujua.

Nilibaki nyumba ile pamoja na mavyaa wangu, mama yake marehemu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mkali wa maneno, na alikuwa amezika watoto wengine kabla ya huyu. Nilipotoka eda tu, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaja kuvitaka vyombo vya useremala. Alisema yuko fundi mmoja Madungu anavihitaji, na kwamba chuma kikikaa bure huliwa na kutu.

"Vyombo vya mwanangu haviondoki hapa nami ni hai," mavyaa akamjibu. Akalifunga banda kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake, na huko ukakaa.

Sikuwa na haja ya vyombo wakati ule.

Haja ilinijia kwa njia ya kaka yangu. Yeye alikuwa mpishi wa ofisa mmoja wa Kizungu pale Chake Chake. Siku moja akaniletea ujumbe kwamba bibi wa nyumba ile anataka asumini nyingi za kupamba meza, kwa kuwa wana wageni. Nikaenda na kapu langu. Wakati nasubiri katika chumba cha kulia, nikaliona kabati.

Lilikuwa la mti mweusi, kimo chake kifuani kwangu, na milango yake miwili ilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na rafu kama za makabati yetu. Mlikuwa na vijumba vya mraba, safu juu ya safu, kama nyumba ya njiwa, na katika kila kijumba imelala chupa moja, shingo nje, tako ndani. Hakuna chupa iliyogusana na mwenzake. Nilichuchumaa nikatazama namna mbao zilivyopishana.

"Ondoka hapo!" kaka yangu akaninong'oneza kutoka mlangoni. "Huo mvinyo!"

"Siutaki mvinyo," nikamwambia. "Nalitaka kabati."

Yeye alicheka, lakini miye nilikuwa nasema kweli. Chupa zangu za marashi nilikuwa naziweka chini, uvunguni mwa kitanda. Wiki chache nyuma kuku alikuwa ameingia chumbani, akahangaika huko uvunguni na kuniangushia chupa ya mafuta ya mkilua, na harusi iko mlangoni. Nyumba nzima ilinukia kama mbinguni nami nikalia. Sasa nilikuwa nimeona dawa yake. Kabla sijafika Wawi nilikuwa nimeshalipima kabati langu kichwani, urefu na upana, na nimeshachagua mbao. Mume wangu aliacha mbao za mfenesi juu ya boriti za banda, zimekauka vizuri, za rangi ya manjano inayokwenda kwenye asali.

Jioni ile nikamfuata mavyaa alipokuwa anachambua mchele.

"Mama, nakuomba ufunguo wa banda."

Hakuinua kichwa. "Unataka kwenda kulia?"

"La, mama. Nataka kwenda kufanya kazi."

Vidole vyake vikaendelea kutoa chuya. Kisha akafungua pindo, akauweka ufunguo juu ya ungo, katikati ya mchele, akainuka na kuingia ndani. Hakuniuliza kazi gani.

Asubuhi nikafungua. Mlikuwa na harufu ya vumbi la mbao na ya nta. Nikanoa patasi zote, nikanoa na kisu cha randa, nikashusha ubao wa kwanza na kuubana juu ya meza. Nikaanza kupiga randa. Mkono ulikuwa mzito, randa inaruka, inakwama, inatoa vipande vifupi badala ya ule utepe mrefu niliouzoea. Nilikuwa sijafika nusu ya ubao nilipohisi mtu nyuma yangu.

Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni, ameshika nguzo. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimesikia randa," akasema. "Niko chooni natawadha, nikasikia randa. Nikasema, mwanangu kaamka."

Nikaiacha randa. Tulisimama hivyo, yeye na nguzo yake, miye na ubao wangu, machozi yanamtoka bila sauti. Mwisho akajifuta kwa kanga, akaja mpaka mezani, akaupapasa ubao kwa kiganja.

"Yeye alikuwa akiisukuma kwa pumzi moja, kuanzia hapa mpaka kule. Weye unaisukuma kama unakuna nazi."

"Nionyeshe basi, mama."

"Nitakuonyesha nini miye? Nimezaa seremala, sikuwa seremala." Lakini akashika ncha ya ubao, akauegemea kwa uzito wake wote. "Haya. Pumzi moja."

Nikavuta pumzi, nikasukuma. Utepe ukatoka mrefu, mwembamba, ukajikunja ukaanguka miguuni mwake.

Tangu siku hiyo tulikuwa wawili. Asubuhi tulifanya kazi za nyumbani, na baada ya adhuhuri tuliingia bandani. Miye nakata, yeye anashika. Sanduku la nje la kabati halikunisumbua, maana maungio ya ulimi wa ubao na tundu lake nilikuwa nimeyaona mara nyingi mno. Vijumba ndivyo vilivyotaka akili. Kila ubao niliukata mwanya mpaka nusu ya upana wake, na ubao wa kupishana nao vilevile, ili zikikutana ziumane zikae sawa bila msumari. Mwanya ukiwa mpana, ubao unacheza. Ukiwa mwembamba, unapasuka. Niliharibu ubao mmoja, nikautia jikoni kuni. Zilizofuata ziliingiana kama vidole vya mikono miwili. Tukasugua kwa msasa, tukapaka nta, mfenesi ukang'aa.

Huku nyuma kaka yangu alikuwa ananiletea chupa tupu za nyumba ya bwana wake. Zilikuwa nzuri, za kijani kibichi, nene, zinazozuia mwanga usiharibu marashi. Alizileta ndani ya pakacha, juu amefunika kwa majani. Nikazisafisha kwa majivu na ndimu, nikazisuuza kwa maji ya moto tena na tena, nikazipanga uani juani. Na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa sababu ua wetu ulikuwa wa makuti na makuti yana matundu.

Kabati lilipokuwa tayari tukaliingiza chumbani kwangu, nikajaza chupa na kuzilaza, nikafunga milango. Kesho yake sakafu imelowa. Maji ya waridi yalikuwa yanachuruzika kutoka shingo za chupa, safu hadi safu. Vizibo vile vilishavutwa mara moja na havikubana tena. Nilikaa kitako mbele ya kabati, nikalitazama. Mavyaa alitaka nizisimamishe chupa zote na niving'oe vile vijumba.

"Sing'oi kitu," nikamwambia. "Kabati halina kosa. Chupa ndizo zinataka mto."

Nikachonga vijiti vyembamba vya mfenesi, nikavigongomea mbele ya kila safu, chini ya shingo. Chupa zikalala vichwa juu, kama mgonjwa aliyeegemezwa, na maji yakabaki ndani. Nikazijaza tena. Hazikutoa hata tone.

Shemeji alikuja siku mbili tatu baadaye. Hakubisha hodi vizuri wala hakungoja karibu. Alimwamkia mama yake, kisha akasimama katikati ya ukumbi.

"Watu wanasema nyumba ya marehemu kaka yangu ina kabati la pombe."

"Watu gani?" nikamuuliza.

"Watu. Wameona chupa uani. Mlevi yeyote wa mji huu anazijua chupa zile."

"Basi hao watu wako ni walevi," mavyaa akasema.

Shemeji akakunja uso. Akataka kulitazama kabati. Nikamfungulia mlango wa chumba, nikafungua na milango ya kabati, nikasimama pembeni. Kwa kweli lilivyokuwa, mtu asiyejua angeapa ni la mvinyo: vijumba vilevile, chupa zilezile za kijani, zimelala safu kwa safu. Akashika kichwa. "Lahaula!"

Mavyaa akampita. Akavuta chupa ya safu ya juu, akang'oa kizibo kwa meno, na kabla mwanawe hajasogea akajimiminia marashi kiganjani, kisha akampaka usoni, shingoni, kifuani, akamlowesha kanzu nzima.

"Nusa!" akamwambia. "Nusa vizuri. Kama ni pombe, lewa hapahapa tukuone."

Shemeji alisimama pale akichuruzika waridi, macho anayapepesa. Nilijizuia kucheka mpaka mbavu zikaniuma. Mavyaa hakucheka.

"Hili kabati limetoka kwa mbao za kaka yako, na randa yake, na miye nimeshika ubao. Rudi kwa watu wako, uwaambie hivyo. Na wakikuuliza mbona unanukia, uwaambie ni marashi ya shemeji yako."

Shemeji akaenda zake. Harufu ile haitoki kwa siku moja, na popote alipokaa aliulizwa, na kila alipoulizwa ilimbidi aeleze. Nadhani hakuna mtu aliyenitangazia biashara kama yeye. Wanawake wakaanza kuja kulitazama kabati, wengine wakijifanya wamekuja kununua udi. Shemeji mwenyewe alikaa kipindi hakuji, kisha akaja na samaki na kuomba radhi kwa mama yake, na miye nikampikia.

Mwaka uliofuata bibi mmoja wa ukoo wa Kiarabu, mwenye shamba la mikarafuu Pujini, alikuwa anamwoza binti yake. Akataka kabati kama langu, la kumpa bintiye aende nalo kwa mumewe. Nikalitengeneza, kubwa zaidi, na miguu nikaichonga kwa nakshi ya majani. Tukalipakia kwenye gari la ng'ombe, miye na mavyaa tukakaa nyuma tukilishika, njia nzima linatetemeka nasi twatetemeka nalo.

Tulipofika, baba wa bibi harusi akatoka barazani. Akalizunguka kabati, akafungua na kufunga milango, akapitisha kidole kwenye maungio. Kisha akamgeukia mwenye gari.

"Maashallah, fundi. Kazi njema. Hii milango umeifungaje hata haionyeshi ufa?"

Mwenye gari akatutazama sisi, akamtazama ng'ombe wake.

"Fundi ni miye, bwana," nikasema. "Milango nimeifunga kwa bawaba za ndani. Niambieni mnataka likae wapi, maana sakafu ikiwa haiko sawa itabidi nichonge mguu mmoja, na jua hilo linakwenda."

Alinitazama, akamtazama mavyaa, na mavyaa akainua kidevu. Bwana yule akasogea kando, akatupisha mlangoni. Sakafu haikuwa sawa. Nikapiga magoti, nikatoa patasi kwenye kapu, na mavyaa akalishika kabati.