Ubeti Nilioinukia

Mama yangu alifariki Tanga mwaka ule mipaka ya Australia ilipofungwa kwa korona. Sikuweza kwenda kumzika. Binti yangu alikuwa na mitihani ya wiki mbili, nami nikafanya kama tufanyavyo kwetu: nikamficha msiba mpaka amalize. Nililia kazini, ghalani kule Wetherill Park, machozi yakilowesha barakoa, kisha nikarudi nyumbani Merrylands kupika kama kawaida.

Siri ilidumu siku nne. Wifi yangu akatuma salamu za pole kwenye kundi la familia, na mtoto akazisoma kabla yangu.

"Mum, you lied to me," aliniambia. Bibi yake ndiye aliyemlea mpaka miaka minane. Tangu siku hiyo hakunisemesha Kiswahili tena. Nikimuuliza jambo hunijibu kwa Kiingereza, kwa mkato, kama karani wa dirishani. Niliumia, na sitaficha, nilikasirika pia. Nani alinifundisha kuficha msiba kama si huyo huyo bibi?

Mwaka uliofuata shule yake iliruhusiwa kuonyesha mchezo wa kuimba uliotungwa na mwalimu wao. Binti yangu alipewa wimbo mkuu, ule ambao makofi yake husimamisha mchezo mzima. Tulikaa mbalimbali, viti viwili vitupu kati ya mtu na mtu. Alisimama mbele ya mlango wa mbao uliofungwa, akiigiza msichana aliyezuiwa kuingia kwa mgonjwa wake, akaimba. Ubeti wa tatu ulisema: mlinifungia mlango mkidhani mnanihurumia, sasa nimuage nani?

Hakuutunga yeye. Lakini alivyouimba, nilijua anamwimbia nani.

Kwetu, kwenye taarabu, ubeti ukikugusa hukai. Unainuka na noti mkononi, unakwenda hadi jukwaani kumtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unajua kwamba ubeti ule ni wako. Mama alikuwa bingwa wa mambo hayo. Alikwenda kwa madaha, mjukuu kamshika dera nyuma.

Basi nikainuka. Nilitoa noti, nikainyanyua juu, nikashika njia ya katikati. Watu wakageuka. Hatua chache kabla ya jukwaa mwalimu mmoja akanizuia kwa mkono, akanionyesha kiti changu: hairuhusiwi kusogea. Ningeweza kumpita. Nilirudi kukaa, uso ukiniwaka kwa aibu. Binti yangu aliendelea kuimba, macho kayapitisha juu ya kichwa changu. Alipomaliza, watu walishangilia hata wenzake wakashindwa kuendelea. Mimi sikupiga makofi, noti bado nimeishika.

Tulirudi pamoja kwa gari, tukapita Smithfield. Kisha binti yangu akasema, kwa Kiswahili:

"Uliinuka ubeti wa tatu."

"Ndiyo, mwanangu. Ni wangu."

Akageukia dirishani.

"Bibi angefika jukwaani."