Kifungu cha Maadhimisho

Wa kuwajibika ni sisi tulioketi katika kamati ya mipango ya halmashauri niliyoitumikia hadi kustaafu: wakuu wa idara walioidhinisha, madiwani waliopitisha, na mimi, katibu, niliyeandika. Naanza na hilo ili msomaji asilitafute mbele.

Kila mwaka, kazi ya kuwapima watu sukari na presha kabla hawajaugua ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukatwa. Dawa za malaria zilikuwa na watetezi. Mtu ambaye bado haumwi hakuwa na mtetezi. Nikashauri kazi hiyo ihamishiwe kwenye kifungu cha bajeti cha maadhimisho ya siku ya afya, kwa kuwa penye mgeni rasmi fedha hutoka. Nilipongezwa. Fedha zikatoka kweli, na upimaji ukawa wa siku moja kwa mwaka, chini ya maturubai, pamoja na fulana na ngoma.

Nilipostaafu tulihamia pembezoni mwa jiji, upande wa Chanika. Mwaka jana mke wangu akapata kiu isiyokatika na ganzi ya vidole vya mguu. Tukaenda zahanati ya mtaa.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama," muuguzi alitusalimu, kisha akafungua droo tupu tujionee wenyewe. "Vijiti vya kupimia sukari hakuna. Vinakujaga vingi sana siku ya maadhimisho."

"Ni lini?"

"Kama miezi minne hivi, mzee wangu. Au mjaribu maduka ya dawa ya mjini."

Mke wangu akacheka. "Baba watoto, umesikia? Hata sukari yangu inamsubiri mgeni rasmi."

Hakujua anamcheka nani. Tulipotoka alisema safari ya mjini ya nini, kiu ni joto tu. Nikakubali. Hilo nalo liandikwe.

Siku ilipofika alipanga foleni tangu asubuhi. Mpimaji aliitazama mashine mara mbili, akamwomba avue kiatu. Kidole kidogo kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Alikuwa amekificha ndani ya soksi, akiamini kiatu kimembana. Kilikatwa wiki hiyohiyo.

Daktari alitueleza kwamba ili mguu huo upone, sukari ipimwe kila wiki. Zahanati haina vijiti hadi mwakani. Tunanunua pensheni inaporuhusu. Isiporuhusu namwosha mguu, naukagua kwa tochi ya simu, na sijui la kufanya zaidi. Juzi nimeona wekundu kwenye kidole cha pili.

Nimekwenda mara tatu kwenye ofisi yangu ya zamani. Afisa aliyerithi kiti changu alinipokea kwa heshima, akanifungulia muhtasari wa kikao wenye saini yangu.

"Mzee, utaratibu ni wako huu. Kuubadili ni mpaka kikao kikae."

Kikao kimeahirishwa.

Kwa hiyo nadai, nikiwa mkazi na mtumishi wa zamani: kamati ikutane hadharani; ieleze kwa maandishi kwa nini upimaji haujarudishwa kwenye kifungu chake, chenye fedha za mwaka mzima; iwataje waliokata na waliopitisha, jina langu likitangulia; na majibu hayo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila zahanati kabla bajeti ijayo haijapitishwa.