TULIOBAKI NI CHUMA

Mathayo alifika kazini akiwa na gunia kichwani.

Sijakosea kuandika. Saa moja kasoro asubuhi, kwenye geti la kiwanda chetu cha kukamua alizeti hapa Singida, jamaa anakuja anajigonga ukutani. Gunia limefungwa shingoni kwa kamba, mikono imefungwa nyuma, damu inamchuruzika mpaka kwenye ndala.

Nikalikata lile gunia kwa kisu. Mdomo umepasuka, meno mawili hayapo.

"Nani kakufanya hivi?"

"Sikuwaona, Melki. Walisema tu, 'Mnakula jasho letu.'"

Hapo sote tukajua ni akina nani. Yaani tulijua kabisa, kwa akili zetu hizi hizi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mimi ni Melkizedeki, msimamizi wa zamu. Wiki mbili kabla ya siku hiyo kampuni ilipunguza watu ishirini na wawili, tukabaki kumi na wawili. Majina niliyasoma mimi, watu wamesimama uani wananitazama mdomo.

La nne lilikuwa la Gervas.

Gervas ndiye aliyenifundisha mashine wakati mimi ni mbeba magunia tu. Ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu. Alipokea barua yake, akanishika bega. "Baba Faith, usijali. Kazi ni kazi." Akaondoka. Mimi nikaingia chooni nikalia.

Baada ya hapo kiwanda kikapooza. Mashine inaziba, hakuna anayekimbia. Kila mtu anawaza kesho ni zamu yake kutolewa.

Mwenye kiwanda, bosi Abdulrazaki, akaniita. "Melki, hawa waliobaki wamekufa wamesimama. Wape hamasa."

Tukapika pilau. Tukagawa fulana mpya za njano zenye maandishi TULIOBAKI NI CHUMA. Jenipher, mshona magunia, akaivaa yake ndani nje.

"Chuma gani?" akasema mbele ya bosi. "Hii pilau ni ya matanga."

Bosi akacheka, ila macho yake hayakucheka.

Siku tatu baadaye ndiyo Mathayo akaja na gunia kichwani. Wiki iliyofuata ikawa Jenipher mwenyewe. Njia ile ile aliyovamiwa Mathayo, ya katikati ya mashamba, gunia, rungu, maneno yale yale. Mkono wake wa kushonea ukavunjwa sehemu mbili.

Jamani, hasira mnaijua? Kiwanda kiliwaka! Tunakuja pamoja, tunaondoka pamoja, kila mtu na nondo yake. Tunakamua alizeti huku tunawalaani watu ambao mwezi uliopita tulikuwa tunakula nao sahani moja. Mafuta yakatoka mengi kuliko tulipokuwa thelathini na wanne.

"Umeona?" bosi akaniambia. "Watu wamechangamka."

Jumamosi mchana, tunatoka kazini, Gervas akatokea getini. Ana fimbo mkononi.

"Huyo hapo!" Simeoni, kijana wa boila, akapiga kelele.

Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha. Wa kwanza kupiga nilikuwa mimi. Nilimshushia spana kubwa ya usoni.

"Baba Faith, ni mimi!"

Nilijua ni yeye. Ndiyo maana nilipiga tena.

Wengine wakamalizia kwa mateke na nondo. Tuliacha pale alipoacha kujikinga. Jicho la kushoto halikuwa jicho tena. Akapakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali, polisi tukawaambia alikuja kutuvamia. Nilirudi nyumbani moyo unaniambia safi sana.

Jumanne asubuhi nilichelewa, nikapita njia ile peke yangu.

Pwaa! Gunia kichwani. Rungu la goti, nikaenda chini kifudifudi. Rungu la mgongo.

"Mnakula jasho letu!"

Nikapapasa, nikakamata mkono wa mtu, nikaung'ata kupitia lile gunia mpaka nikasikia mfupa. Akapiga yowe. Nikalivua gunia.

Mughwai. Mlinzi wetu wa getini!

"Mamaa! Kumbe ni wewe, msimamizi?" akasema, ameshika mkono wake. "Nisamehe braza, hizi fulana zinafanana. Nilijua ni Simeoni."

Nikamkalia kifuani nikamtwanga ngumi mpaka akatoa yote.

"Bosi kanituma! Alisema pilau imeshindwa, sasa wapewe adui. Mmoja kila wiki, mpaka kazi iende!"

Nikaingia ofisini kwa bosi nachechemea. Wala hakukataa, yule bwana.

"Mathayo na Jenipher ni wangu, sawa," akasema. "Na jicho la Gervas? Hilo nani alikutuma?"

Nikapindua meza, nikamkaba koo, wenzangu wakanibandua macho yameshamtoka. Nikaenda kituoni na goti langu bovu, nikaeleza yote, yake na yangu.

Kisha hospitali. Martha, mke wa Gervas, alikaa mlangoni mwa wodi.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Nikarudia. Akageuza uso.

Gervas alikuwa amefungwa bandeji nusu ya uso. Nikapiga magoti. "Kaka, ile fimbo ulikuja nayo ya nini?"

"Tulikaa kikao sisi tuliotolewa," akasema taratibu. "Tukaona mtauawa njiani. Tukapangana zamu za kuwasindikiza, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza nilijitolea mimi."

Akanigeuzia jicho lililobaki, akauliza.

"Ule mkono wa Jenipher unaendeleaje?"

Nililia mpaka nesi akanitoa nje.

Kesi iko mahakamani. Bosi na Mughwai wana yao, sisi wa nondo tuna yetu. Haya ninaandika nikiwa nje kwa dhamana.

Wewe bosi, ukishapunguza watu ujue waliobaki wana msiba. Waache walie, uwaambie ukweli kama kazi ipo au haipo. Usiwatafutie mtu wa kumchukia, maana watamchukia kweli.

Na wewe uliyebaki, kabla hujainua chuma, muulize mwenzako amefuata nini. Mimi swali hilo nilimuuliza mtu akiwa kitandani, jicho limeshatoka.