Asubuhi Tulipomgeuza Generoza

Mtu asiniambie kwamba niliota. Anayeota amelala, na mimi nilikuwa nimesimama na mti wa machela begani, gauni limelowa umande mpaka kiunoni. Tena sikuwa peke yangu. Tulikuwa wanawake wanne: mimi, Skolastika, Felista na Venansia. Skolastika na Felista wameshatangulia, Mungu awapumzishe, lakini Venansia yupo Kirushya kwa mwanawe. Nendeni mkamuulize. Atawaambia yale yale, ila yeye ataanza kulia kabla hajafika katikati.

Ilikuwa Murusagamba, wakati wa vita vya Kagera. Kijiji chetu kilikuwa bado kipya, kile cha kuhamishwa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi. Mkutano wa kijiji ulinichagua mimi kuwa mhudumu wa afya. Kisomo sikuwa nacho, niliishia darasa la pili, lakini walisema huyu haogopi damu. Nikapelekwa Ngara kufundishwa, nikarudi na sanduku la mbao lenye klorokwini, aspirini, bendeji na dawa ya vidonda. Vidonge nilivijua kwa rangi zake. Malipo yangu yalikuwa kutolima shamba la kijiji, na wapo walioona nimependelewa. Sikubishana nao. Lakini jembe jioni unaliegemeza ukutani, unakwenda kulala. Kazi yangu mimi niliingia nayo kitandani.

Niseme kwanza habari za Paskazia, mke wa Bukuru, maana bila yeye hamtaelewa.

Paskazia aliugua kifua wakati wa kiangazi, kabla wanaume hawajaitwa vitani. Wanaume wanne, mumewe akiwemo, walimbeba kwenye ingobyi, ile machela yetu ya kusuka yenye miti miwili, nami nikafuata nyuma na sanduku langu. Tulikuwa tunampeleka kituo cha afya ng'ambo ya bonde. Tulipofika kwenye kijito akawa kimya. Nikaweka vidole hivi viwili shingoni mwake. Hakuna kitu. Nikasubiri. Hakuna kitu. Bukuru akaniuliza, "Una hakika?" Nikamjibu ninayo.

Kwetu mgonjwa hubebwa kichwa kimetangulia. Akishakata roho, mnamgeuza, miguu itangulie, mnarudi naye nyumbani. Kwa hiyo mtu aliye mbali kilimani akiwaona tu anajua aanze kulia au bado. Basi nilisema geuzeni, wakageuza. Nilimfunika kwa kanga yangu mwenyewe, nyekundu, yenye tundu pembeni lililochomwa na kaa la moto. Akazikwa nayo.

Bukuru hakunilaumu hata siku moja. Alinisalimia vizuri tu. Ila akishanisalimia, macho yake yalishuka kwenye mikono yangu. Mnaelewa? Na mimi nikaanza kujiuliza. Nilisubiri vya kutosha? Nilibonyeza mahali penyewe? Je, kama alikuwepo na mimi nikamrudisha? Nikimenya ndizi naviona vile vidole. Nikimnyonyesha mtoto naviona. Nani ningemwambia? Mhudumu mzima wa afya, watu wanakutegemea, uwaambie hujui kama mtu wao alikuwa amekufa?

Sasa ndipo vita vikaja. Wanaume wenye nguvu wakaondoka, Bukuru akiwa mmoja wao. Na gari lililokuwa likipita kwetu halikupita tena. Machela ikabaki na wanawake, jambo ambalo mama zetu hawakuwahi kuliona.

Msimu wa mvua Generoza akajifungua. Mumewe alikuwa vitani. Mtoto alitoka mzima, wa kike, lakini kondo la nyuma lilikataa kutoka na damu haikukatika. Pale Ngara tulifundishwa kwamba kondo halivutwi, mtu anapelekwa. Mama mkwe wake akampakata mtoto, akaniambia, "Mama Yustina, huyu mtoto atanyonya nini? Nirudishie mama yake." Kulipopambazuka tukaondoka.

Ukungu ule jamani. Ulikuwa humwoni aliye mbele yako vizuri. Mvua ya rasharasha, matope, baridi ya kuuma. Skolastika, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa anamtania mgonjwa ili asilale. "Generoza, ungekula kidogo wakati wa mimba, uzito gani huu! Nikifika huko na mimi nalazwa." Mwanzoni Generoza alicheka. Baadaye akawa anaguna. Tulipofika kijitoni, kile kile, hakuguna.

Tukamshusha. Nikamwekea vidole shingoni. Kimya. Nikasikiliza kifua, ila mvua ilikuwa inapiga majani ya migomba, nisisikie chochote. Uso wake ulikuwa kama majivu. Skolastika akanitazama. Felista akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunika uso.

Nikasema, "Tumgeuze."

Tukamgeuza, tukaanza kupanda kilima. Venansia na Skolastika mbele, mimi na Felista nyuma. Venansia alikuwa analia, anateleza. Ndipo mwanamke akatokea kwenye ukungu, mikono mitupu, akaingiza bega lake chini ya mti wa Venansia. Hilo halikutushangaza. Barabara zetu zile, anayekutana na machela haulizi, anatia bega kwanza. Venansia akampisha, akarudi nyuma kwetu.

Nikawa nyuma yake moja kwa moja. Niaminini nikisema sikutazama kitu hatua za kwanza, nilikuwa natazama matope. Kisha nikainua macho. Kanga nyekundu. Pembeni, tundu la kaa la moto.

Nikashika mti kwa mikono miwili. Na hapo hapo akasimama. Machela ikagoma.

"Dada, songa," Skolastika akasema. "Bega langu si la chuma."

"Mnamrudisha wapi huyu?" Sauti ilikuwa ya mtu mwenye mafua. Hakugeuka.

"Nyumbani kwake. Huoni miguu imetangulia?"

"Naona. Huyu bado." Kisha akasema, "Mama Yustina, vidole vyako vina baridi. Vipashe moto kwanza, ndipo umguse."

Tukashusha. Nilivitia vidole kinywani mwangu kama mtoto, halafu kwapani, mpaka vikaanza kuuma, ndipo nikajua kwamba tangu alfajiri vilikuwa vimekufa ganzi. Nikamgusa Generoza tena. Nikasubiri. Kikaja kitu kidogo, kama mdudu anayetembea chini ya kitambaa. Kikapotea. Kikaja tena.

"Yupo," nikasema. Felista akaanza kusali kwa sauti.

Tukamgeuza upya, kichwa mbele, na yule mwanamke akashika mti wake kama mwanzo, mgongo kwangu. Tulikimbia zaidi kuliko kutembea. Tulipovuka kijito nikapata ujasiri, nikamuuliza ule mgongo, polepole, wenzangu wasisikie. "Na wewe je? Siku ile?"

"Siku ile kulikuwa na jua," akasema. "Vidole vyako vilikuwa na moto. Mimi nilikuwa nimeshaondoka tangu kilimani."

Mimi nililia pale, nikiwa nakimbia. Tulipoona bati la kituo cha afya, Venansia akapaza sauti: mti wa mbele ulikuwa hauko begani kwa mtu, na machela haikuinama. Alijirusha akaushika. Skolastika, aliyekuwa pembeni yake njia nzima, aligeuza kichwa akakuta ukungu tu. Hakutania tena mpaka jioni.

Generoza alipona. Binti yake ana watoto wakubwa sasa.

Bukuru aliporudi kutoka vitani, anachechemea, nilimwendea nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Alikuwa amevaa nini?" Nikamwambia, kanga yangu. Akatikisa kichwa. "Basi hakusikia baridi." Tangu siku hiyo alinisalimia akinitazama usoni.

Kazi ile niliifanya mpaka magoti yalipokataa, na wengine niliwageuza, ndiyo. Lakini si kabla ya kupasha vidole. Hata leo wajukuu wangu wakilala nawagusa shingoni, wananicheka, "Bibi, tuko hai, tuache tulale." Wacha wacheke.

Na wewe unayenisikiliza, siku ukimbeba mtu wako na mkono wako ukakwambia amekwisha, usiuamini mkono wenye baridi. Upashe moto kwanza. Na mtu akitokea njiani akatia bega, usimuulize ametoka wapi. Mpishe abebe.