Mizani ya Mayai Kwenye Kicheni Pati

Chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Laurel, Marekani, mke wangu anakiita gereji. Kwa wageni anasema, "Ni ofisi ya mume wangu," halafu anaufunga mlango haraka kabla mgeni hajachungulia. Ndani hamna gari wala meza ya ofisi. Kuna mizani za kupimia mayai, za zamani, za bati na za chuma na mbili tatu za mbao, zimepangwa rafuni kutoka dirishani hadi mlangoni.

Si mizani za dukani za kupimia kilo. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya yai moja tu. Unaliweka yai kwenye kikombe kidogo, mshale unapanda taratibu, unasimama na kukuambia hili ni dogo, hili la kati, hili kubwa. Wakulima wa huku Maryland walikuwa nazo jikoni, wakipanga mayai kwa daraja kabla ya kuyapeleka sokoni. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na mashine kubwa, na hizi zimeishia kwenye maghala na chini ya ngazi za nyumba za watu.

Ya kwanza niliipata Greenbelt, kwa mzee mmoja aliyetandaza vyombo vyake vya kuuza kwenye majani mbele ya nyumba. Nilidhani ni ya kupimia barua. Mzee akaingia ndani, akarudi na yai, akaliweka. Mshale ulipopanda nilicheka peke yangu kama mwehu. Mimi nimekulia Morogoro, ambako yai ni yai na trei ni trei. Muuzaji akikuona unachambua makubwa anakuuliza kama unataka kuyaoa. Kumbe kuna watu walikaa chini wakaunda chombo cha kuliuliza yai moja moja, wewe ni nani? Niliipenda palepale, na mpaka leo siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa hajaanza shule. Jumamosi asubuhi, mama yake akiwa zamu hospitalini, mimi na yeye tulipima mayai ya kifungua kinywa kwa mizani ile. Alipanda juu ya kiti, akaliweka yai kwa mikono miwili, akatangaza kwa sauti, "Large! Ya Baba!" Makubwa yalikuwa yangu, ya kati ya mama, na dogo kuliko yote lake, kwa sababu na yeye alikuwa mdogo. Hakukubali kudanganywa. Siku moja trei nzima ilitoka makubwa matupu, akalia mpaka nikamkatia lake nusu. Sijawahi kuwa na Jumamosi tamu kama zile.

Halafu akakua, akafika umri wa kuniambia, "Baba, please, usi-show marafiki zangu hizo vitu zako." Nikafunga mlango wa chumba mwenyewe.

Mwaka huu akachumbiwa na kijana mwenye kazi Seattle, upande wa pili kabisa wa nchi hii. Nilifurahi, na usingizi ukapungua. Nilitaka ile mizani ya Greenbelt iende naye, na iende jikoni kwake, isiishie kwenye boksi. Nikimpa mwenyewe ataipokea kwa kunihurumia. Lakini kitu kilichotolewa kwenye kicheni pati, sherehe ya wanawake ya kumfunda bibi harusi, kinahesabika ni chombo cha nyumba. Mtoaji anasimama mbele ya wanawake wote, anakionyesha, anaeleza matumizi yake, anamwachia bibi harusi usia. Shida ni kwamba mwanamume hapiti mlango ule, hata kama amebeba kreti za soda. Ilibidi niombe kwa mke wangu.

"Baba wewe!" akasema. "Wenzangu wanaleta oven, wanaleta masufuria yanang'aa, halafu mimi mama mzazi nisimame na chuma chakavu? Uta-ni-embarrass."

"Si chakavu, nimeisugua."

"Na wakiniuliza ni ya nini?"

"Ya kupimia mayai."

"Mayai ya dukani yameshapimwa! Si yameandikwa kwenye boksi?"

Hapo alinipata. Nikamwambia ukweli tu, kwamba naogopa mtoto ataondoka bila kitu chochote cha kwangu. Siku ya sherehe ilipofika mke wangu alitoka chumbani amependeza, na kwapani ana kitu alichokifunga kwenye kanga.

Sisi wanaume tulibaki kwenye maegesho ya ukumbi, madereva. Kando yangu alikuwa Mkenya mmoja, mume wa nesi anayefanya kazi na mke wangu.

"Hii mambo ya wamama huchukua time, mzee," akaniambia. "Nyinyi mmepeana nini?"

"Mizani ya mayai."

Akafikiri kidogo. "Na kuku mmepeana pia?"

Nilicheka, lakini kila kicheko kilichotoka mle ndani nilidhani wanaicheka mizani yangu. Vikaja vigelegele, ngoma, vigelegele tena. Halafu ngoma ikakoma, nikajua sasa ndiyo zamu ya mke wangu.

Binti yangu alitoka kabla ya wengine, wanja umemchuruzika mashavuni. Zawadi zote zilikuwa zinapakiwa kwenye gari la shangazi zake, ila mizani aliikumbatia yeye.

"Baba, hii siwezi ku-check-in," akasema. "Naenda nayo kwenye ndege. On my lap."

Nilimshika kichwa kama alipokuwa mdogo, nikaharibu nywele zilizosukwa asubuhi nzima.

Njiani nikamwuliza mke wangu alisema nini mle ndani.

"Ya wanawake hayo. Endesha gari."

Nikaendesha. Tulipofika kwenye taa akauliza, "Na yangu ni ipi?"

"Yako nini?"

"Mizani. Umejaza chumba kizima. Ya kwangu ni ipi?"

"Si zote zako?"

"Zote ni za nyumba. Nauliza yangu."

Taa ikawa kijani, wa nyuma akapiga honi, nikaondoa gari. Miaka yote nilidhani anazichukia.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Aliingia gereji, mkoba ungali begani, akatembea kando ya rafu akizigusa. "Hii ulinunua nikiwa zamu ya Pasaka. Hii ulisema ni ya mbao ya kizamani, ukaniamsha niione." Alizijua zote. Akasimama mbele ya moja ya bati, ya kijani.

"Yangu hii hapa," akasema. "Ulinipa siku ya kukumbuka ndoa yetu. Jioni ileile ukaja kuiweka huku."

Akaibeba hadi jikoni, akaiweka kando ya jiko, akafungua friji kutafuta yai.