Palizi Bila Pombe

Kwetu upande wa Kishapu, palizi ya pamba ni ya ujima. Unaalika majirani, mkeo anapika pombe ya mtama, wanalima asubuhi, na mchana mnaketi kuuzunguka mtungi. Asiyepika pombe analima peke yake. Sheria hii sikuitunga mimi, ingawa kwa miaka mingi niliifurahia kuliko wote.

Mwaka nilioacha kunywa, magugu yalifika magotini nikiwa na miezi miwili tu bila kunywa. Mke wangu alikuwa amekwisha kuotesha mtama wa kimea. Hakuniuliza, wala sikumlaumu. Nilimwahidi kuacha mara nyingi, tangu nilipokuwa nachimba dhahabu Geita, na kila ahadi ilirudi nyumbani ikiyumba. Shamba halingoji ahadi. Lakini nilijijua: pombe ikiiva uani kwangu, wa kwanza kuinamia mtungi ni mimi.

Nilikwenda zahanati kumuuliza muuguzi kama kuna mahali wanapokutana walevi walioacha. Akanitazama, akasema nijaribu kanisani. Mzee wa kanisa aliniombea vizuri sana, kisha akanituma mjini kwa mtu ambaye naye alinituma kwa mtu. Nilichoka. Mtu anayetafuta gongo haelekezwi mara tatu.

Kikundi nilikipata Jumatano mchana, Shinyanga mjini, kwenye darasa la chekechea. Watu watano walikuwa wamekalia viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu: fundi uashi, mama muuza dagaa, na watatu ambao hawakutaja kazi zao. Nilitarajia mahubiri. Kumbe kila mmoja alisimulia tu wiki yake ilivyokwenda, na wiki zao zilikuwa mbaya kama yangu. Zamu yangu ilipofika nikaeleza habari za magugu na kimea.

"Shamba eka ngapi?" fundi akauliza.

"Mbili."

"Pamba hatujui kulima, ng'wanawane. Lakini Jumamosi tutakuja."

Walikuja wanne, na majembe ya kuazima. Kulima hawakujua kweli. Fundi aling'oa miche pamoja na magugu, nami nikanyamaza kwa shida. Majirani walipita wakitusalimia kwa adabu, macho yao yakitafuta mtungi. Kufika saa sita wageni walikuwa hoi, na hata robo ya shamba haijaisha. Mke wangu aliwaletea uji, akapiga goti kuwapa, kisha akamuuliza yule mama muuza dagaa, akimwita mama kwa Kisukuma, nami nipo palepale:

"Mayu, huyu ataweza kweli?"

Nilimtazama yule mama, nikimwomba kwa macho aseme ndiyo.

"Sijui, mayu," akajibu. "Hata mimi leo asubuhi sikuwa na hakika kama nitaweza."

Mke wangu alimwongezea uji. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mlevi kumwambia ukweli. Mimi niliyeishi naye sikuwahi.

Wageni walipoondoka aliingia ndani, akatoka na ungo wa kimea, akawamwagia ng'ombe. Kisha akachukua jembe na kushika mstari wa jirani na wangu.

"Tutalima wenyewe," akasema. "Kitakachobaki kibaki."

Nilijua kitabaki kingi. Mgongo uliniuma, viganja vilikuwa vimechubuka, na nilikuwa nimechoka hata kutazamwa. Ningepaswa kufurahi, lakini niliogopa, kuliko nilivyowahi kuogopa ndani ya shimo la dhahabu. Miaka yote nilipoanguka nilikuwa na cha kusingizia: majirani, desturi, mtungi uliokuwa tayari uani. Sasa mwanamke huyu ameachia nusu ya mavuno kwa ajili yangu, na yuko hapa ameinama, analima bila kuniangalia.

Nikashika jembe, nikamfuata.